Uso Niliomwazima Felista

Siku tuliyomzika Baba Felista kule Navakholo, mjukuu wake mmoja, msichana wa chuo, alinisogelea pale hemani akanifungulia kile kitabu cha mazishi ambacho siku hizi lazima kichapishwe kwa rangi, kana kwamba bila rangi marehemu hatapokelewa. Akaniwekea kidole kwenye picha moja ya zamani. "Kukhu, umemwona huyu? Huyu ndiye senje wetu, shangazi yetu aliyekufa akiwa mdogo. Felista mwenyewe. Ona alivyokuwa mrembo." Nikavaa miwani, nikaangalia. Nilikuwa mimi. Nimesimama kando ya meza ya duara, mkono mmoja juu ya simu, wa pili umeshika bendera ya karatasi, gauni jeupe, soksi nyeupe, uso umekazwa kama wa askari wa gwaride. Chini wameandika: marehemu Felista, kifungua mimba wa mzee wetu. Basi nimeketi pale, magoti yananiuma, sahani ya wali mapajani, na tayari nimeshaandikwa marehemu. Ningesema nini, na mchungaji ameshashika maiki? Na tena mzee mwenyewe ndiye aliyeitundika picha hiyo ukutani kwake maisha yake yote, na hakuna aliyejua kumliko yeye kwamba msichana yule si binti yake. Mkewe alikwisha kufa. Mdogo wake alikwisha kufa. Nimebaki mimi, na wakwe na wajukuu wananiita kukhu Peresi, nyanya, kwa heshima tu, bila kujua tulikutana wapi.

Msichana yule aliendelea kuisifu. Eti watu wa zamani walikuwa nadhifu, eti watoto walikuwa na adabu, mtoto anasimama wima hivyo! Nadhifu wapi, mwanangu. Viatu vile vilikuwa vya studio. Kila mtoto wa Kakamega aliyepigwa picha na Bwana Hezron mwaka ule amevaa viatu vilevile, mwenye mguu mdogo anawekewa matambara mbele, mwenye mguu mkubwa anakunja vidole na kuvumilia. Ndiyo maana hatucheki. Simu ile haikuwa na waya. Nyuma yetu palikuwa na pazia lililochorwa ngazi za nyumba ya ghorofa, na hapakuwa na mtoto hata mmoja kati yetu aliyewahi kupanda ngazi, isipokuwa za kupandia darini. Ukitaka kujua tulivyoishi, usitazame simu. Tazama magoti, yamepakwa mafuta mpaka yanang'aa lakini kovu la kuchota maji kwenye mawe halifichiki. Tazama vidole vilivyoshika bendera, kucha zimeliwa na jivu la kusugulia sufuria. Tazama shingo, ambapo mama amemaliza kupangusa uso akasahau kushuka chini. Picha zile zilipigwa upande wa mbele tu. Nyuma ya gauni langu kulikuwa na vibanio vya nguo vitatu, na nyuma ya vibanio kulikuwa na Mama Felista.

Ulikuwa mwaka uliofuata Uhuru. Wazazi wangu walikuwa wamepata shamba Chekalini, katika yale mashamba ya Wazungu yaliyokatwakatwa, wakaenda kung'oa visiki na kulala kwenye kibanda cha nyasi, mimi wakaniacha mjini kwa jirani ili nisikatize shule. Jirani ndiye huyo Mama Felista, jina lake la kanisani Rispa, mama mwembamba mwenye sauti nene, akiuza mandazi na chai karibu na soko. Chumba chake kilikuwa kimoja, cha udongo na mabati, kwenye ploti yenye vyumba sita na choo kimoja. Kitanda upande huu, jiko na masufuria upande ule, katikati pazia la shuka la maua. Felista na mimi tulilala chini ya kitanda kile, kwenye gunia lililojazwa majani makavu ya ndizi, na tulikuwa tunapigana kila jioni nani alale upande wa ukutani, maana upande wa nje panya wanapita. Alikuwa na umri wangu, miaka minane, lakini mweusi kuniliko, mrefu kuniliko, na mchokozi ajabu. Akinyimwa kitu anaimba. Jino la mbele lilikuwa limeng'oka, akicheka anafunika mdomo kwa kiganja chote, kisha anakuchungulia juu ya vidole kuona kama na wewe umecheka. Tulikula obusuma, yaani ugali, na mrenda Jumatatu, obusuma na kunde Jumanne, na wiki inaendelea hivyo hivyo mpaka Jumapili, tukibahatika, mchuzi wa ingokho, kuku wa kienyeji, na hapo Felista alikuwa anadai firigisi, kwa sababu baba yake hayupo na yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Mama yake anamwambia, "Haya, mwanamume, kula, kisha ukapasue kuni."

Baba yake, Zablon, alikuwa Jinja, kule Uganda, anafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Alikuwa ameondoka Felista akiwa mtoto wa kubebwa, na kwa miaka mitano hakuwa amekanyaga nyumbani. Wanawake wa ploti walikuwa na maneno yao. Nilikuwa ninawasikia wakichambua mboga: "Ule anakulanga kwa mwanamuke mungine huko." "Nyamaza, mutoto anasikia." "Si asikie? Kwani ni siri?" Felista akisikia alikuwa anainua kidevu na kusema baba yangu anakuja na baiskeli, nyinyi mtatembea kwa miguu.

Mwezi wa pili surua iliingia ploti. Ilitushika sote wawili. Tulilazwa kwenye kitanda cha mama, madirisha yamezibwa kwa nguo, tunapewa uji mwembamba na maji ya majani fulani machungu. Mimi nikapona. Yeye akaanza kuhema, akapelekwa hospitali, na mama yake alirudi peke yake akiwa ameshika kile kitambaa alichomfunikia. Hivyo tu. Sijawahi kuelewa kwa nini mimi na si yeye, tumelala kitanda kimoja, tumekunywa kikombe kimoja. Watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa mtoto, nikamwogopa Mungu. Walimzika Navakholo kwa baba yake mdogo, haraka haraka, maana mtoto mdogo hakaliwi matanga marefu. Tuliporudi mjini nilikuta upande wa ukutani ni wangu, bila vita. Nikahamia upande wa panya.

Sasa kulikuwa na jambo moja zito, na uzito wake uliangukia shingo ya Mama Felista. Kwetu kifo hakiandikwi kwenye karatasi, wala hakitumwi kwa mpita njia. Mwenye msiba akiwa mbali, mtu wa ukoo wake ndiye anayekwenda, tena mtu mzima. Anafika, anaketi, anakula naye kwanza, ndipo anamwambia, mikono yake ikiwa tayari kumshika. Wazee walikuwa na sababu zao. Kulikuwa na mwanamume wa huko kwetu aliyeletewa habari ya mama yake na kondakta wa basi, akatembea kuingia mtoni. Wa kwenda Jinja alikuwa Shem, mdogo wake Zablon. Lakini Shem naye alikuwa amepata kipande Chekalini, na watu wa mashamba walikuwa wanasema atakayeondoka kabla ya kulima na kuonekana amelima, kipande kitapewa mwingine. Alikuja kuzika, akaomba, akasema, "Shemeji, nivumilie. Nikipanda, naenda." Mama Felista akamwambia sawa. Kwa hiyo kwa miezi kadhaa kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye Felista kwake alikuwa bado anakua.

Kisha akaja Wanyama. Ilikuwa Jumatano, tunakoroga uji, mtu akapiga hodi mlangoni na kofia mkononi. "Mulembe hapa. Mimi ninafanya kazi na Zablon, tunalala nyumba moja." Amepewa likizo ya wiki, anakwenda Malava kwao, Jumapili anarudi Jinja. Akatoa kifurushi: gauni jeupe lenye marinda. Akaeleza huku anacheka kwamba wenzao wote pale wameletewa picha za watoto waliopigwa na bendera ya Uhuru, wamezibandika juu ya vitanda, na Zablon peke yake ukuta wake mtupu, wanamtania kwamba hana mtoto. "Amesema apigwe na gauni hili. Mimi nikipita Jumapili nichukue picha. Yuko wapi mwenyewe, huyu?" Akanitazama mimi. Mama Felista akasema upesi, "Huyo ni wa jirani. Felista yuko kwa nyanya yake." Nilimwona anavyosema. Mkono wake uliendelea kukoroga uji, lakini mwiko ulikuwa umetoka nje ya sufuria.

Wanyama alipoondoka, alikalia kigoda muda mrefu, gauni magotini. Akaja Mama Jenipha wa chumba cha pili, wakanong'ona, lakini chumba kimoja hakina kunong'ona. "Mwambie ukweli huyo mwanamume apeleke." "Apeleke? Mutu baki? Amwambie kwa kiwanda mbele ya mashini? Na Zablon asema nini, Rispa hata hakunitumia ndugu yangu, amenitupia maneno kama mbwa?" "Basi mwambie picha hakuna." "Atauliza kwa nini hakuna. Gauni liko, studio iko, mutoto ako wapi? Atajua." Nikaona wote wawili wamegeuka kunitazama, na Mama Jenipha akasema, "Rispa. Hapana." Lakini Mama Felista alikuwa ameshaita. "Peresi, kuja hapa mama. Jaribu hii."

Halikunitosha. Maskini baba wa watu, alikuwa amempimia muuzaji kwa mkono wake, akikisia, mwanangu anafika hapa, na pale mkono wake ulipofikia ndipo alipofika miaka mitatu nyuma. Kwa Felista mrefu lisingepita hata kichwani. Mimi mdogo lilipita, likagoma mgongoni. Mama Felista alilitazama lile pengo la mgongoni, akasema kwa sauti yake nene, "Hajui hata kimo chake," akalia kidogo, akapangusa uso, akanipaka mafuta magotini. Na mimi nilifurahi. Nilikuwa na miaka minane na sikuwa nimewahi kupigwa picha, nimevaa marinda, ningefanyaje?

Studio ya Bwana Hezron ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la baiskeli, na ilikuwa inanuka dawa na jasho la watoto. Yeye alikuwa mtu wa suspenda na maneno mengi. Akanivalisha viatu, matambara mbele. Akaniwekea simu. Akanipa bendera. "Usicheke. Ukicheka utatoka meno tu. Shusha bega. Sasa wewe ni binti wa meneja, unapigiwa simu kutoka Nairobi." Akaona mgongo, akaleta vibanio vya nguo bila kushangaa, maana watoto wote wa mji walikuwa wanabanwa mgongoni. Akamwambia Mama Felista achuchumae nyuma ya meza, ashike pindo la gauni lisipande. Nikawa ninaisikia pumzi yake kwenye miguu yangu. Bwana Hezron akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, akauliza kutoka humo humo, "Mtoto anaitwa nani, niandike kwa bahasha?" Akatoa kichwa. "Mama, nauliza jina la mtoto." Mkono ulioshika pindo ukalikunja gauni ngumini, ukanivuta mpaka bendera yangu ikainama. Nikajibu mimi. Nikasema, "Felista." Bwana Hezron akasema jina zuri, tulia sasa, akapiga. Picha ikatoka safi. Mtazame vizuri yule mtoto kwenye kitabu cha mazishi: hakukaza uso kwa sababu ya viatu peke yake.

Wanyama akapita Jumapili, akaitazama picha, akanitazama mimi niliyekuwa nimevaa sare ya shule iliyopauka na kunyolewa kichwa makusudi usiku wa kuamkia siku hiyo, hakuona kitu. Akasema, "Kweli amefanana na baba yake," akaondoka. Mama Jenipha alicheka mpaka akashika ukuta. Mama Felista hakucheka. Tangu hapo akawa mara nyingine ananiita kwa kukosea, "Feli, lete chumvi," na mimi ninaleta chumvi. Sikumrekebisha. Huko nje wote walikuwa bado wanamwita Mama Felista, sokoni, kanisani, hata wanaonunua andazi moja, na kila akiitikia nilikuwa ninaona kitu kinashuka usoni mwake.

Shem alikwenda Jinja mahindi yalipoanza kukauka shambani. Alifanya kama ilivyotakiwa, aliketi, akala, akasema. Lakini yeye hakujua habari ya picha. Hakuna aliyemwambia, alikuwa Chekalini na visiki vyake. Na Zablon, msiba ukiwa umemshika, hakufikiria kuuliza ilipigwa lini.

Wakaja. Ilikuwa saa nane hivi mchana, jua linachoma baada ya mvua, mimi nimechuchumaa uani ninasugua sufuria ya obusuma kwa jivu. Shem alikuwa amebaki nyuma dukani, anaazima toroli la kubebea sanduku. Akaingia mwanamume mrefu wa koti, akasimama. Sikumjua. Nikasimama kumpa shikamoo, mikono imejaa jivu. Akafungua mdomo, akaniita, "Felista." Nikatikisa kichwa. Akaja mbio, akapiga magoti kwenye matope na suruali yake nzuri, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. "Shem amenidanganya! Woi, Shem amenidanganya, mutoto wangu ako hapa! Mbona Shem amenifanyia hivi?" Analia na kucheka, ananishika mashavu, ananishika masikio. Nikasema, "Mimi ni Peresi." Hakusikia. Nikasema tena. Watu wakatoka vyumbani. Mama Felista akatoka na unga mikononi, akasimama mlangoni, na naapa sijawahi tena kuona uso wa binadamu ukiwa vile. "Baba Felista," akamwambia, polepole, "huyo si yeye. Felista tulimzika." Aliniachia kidole kimoja kimoja.

Nikatumwa dukani kununua chumvi. Chumvi tulikuwa nayo. Nikasimama nyuma ya nyumba, ukuta wa udongo hauzuii kitu. "Sasa hii ni nini, Rispa? Hii picha nimekuwa naisemesha ni nini? Kila jioni nikitoka kazini, naisemesha. Nimeililia. Siku Shem alikuja nimelala nayo kwa kifua." Mama Felista akasema, "Ulitaka picha. Sikuwa na mutoto wa kupiga." "Na yake? Yake hata moja?" "Nani angepiga? Wewe ulikuwa hapa? Mwaka huu gauni umetuma, ningeshukuru. Lakini halingemtosha, Zablon. Mwanao alikuwa mrefu kama wewe. Kama ungekuja hata siku moja ungejua alikuwa mrefu." Shem akasema, "Polepole, watu wanasikia." Mama Felista akasema wacha wasikie, akalia kwa sauti, kile kilio ambacho hakuwa amelia kwenye mazishi, na baada ya kitambo nikasikia sauti ya pili imeungana naye.

Hakumfukuza mkewe, ingawa ploti nzima ilikuwa imeshamfungia virago. Kesho yake walikwenda kaburini Navakholo, wakakaa huko siku mbili. Waliporudi Zablon alikuwa mtu mwingine, amenyolewa kichwa. Mama Felista akamwandalia kuku, akamwekea firigisi juu, hakuigusa. Akaja uani nilikokuwa, akaketi kwenye jiwe la kufulia, akaniita kwa jina langu. "Peresi. Ulikuwa unalala na yeye?" "Ndiyo, Baba." "Alikuwa anafanana na nani?" Nikafikiri. Nikamwambia alikuwa mweusi, mrefu, na pengo hapa. Nikamwambia anavyoimba akinyimwa kitu. Nikamwambia alivyokuwa anasema wewe utakuja na baiskeli. Akasema, "Na akicheka?" Nikamwonyesha. Nikafunika mdomo kwa kiganja chote, nikamchungulia juu ya vidole. Akasema, "Tena." Nikafanya tena. Akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu, paji limekunjana, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya gunia kwa mkono.

Kisha akafumbua. "Haji," akasema. "Nikifumba macho unakuja wewe."

Nikasema, "Pole, Baba." Nikafumba macho na mimi. Mara moja alikuja, mzima, mweusi, na pengo lake, ananichungulia juu ya vidole aone kama nitacheka. Nilimwona vizuri kabisa. Nikataka kumpa baba yake amwone, na hapakuwa na namna ya kumpa.